Vibaraza vya Moshi mjini: nani alijenga yale maduka ya katikati, na tunapoteza nini tukiyabomoa

Mleta uzi:

Wakuu, salaam. Wenyeji wa Kilimanjaro, wapita njia wa stendi, na nyie mnaoijua Moshi kupitia dirisha la basi tu, karibuni.

Moshi ikitajwa watu husifia usafi na mlima, kisha mada inaisha. Leo nataka tuteremshe macho kidogo. Nazungumzia maduka ya zamani ya katikati ya mji, kuanzia upande wa Mnara wa Saa kushuka hadi Soko Kuu na mitaa inayolizunguka: yale yenye nguzo mbele, paa la kibaraza juu ya njia ya miguu, na mwaka wa kujengwa umechongwa kwenye ukuta wa juu. Hoja yangu naiweka mapema ili anayetaka kubisha ajiandae. Kilichoufanya mji ule uwe wa biashara ni kibaraza. Jengo jipya linalokifuta linaupunguzia mji kitu, hata kama lina ghorofa sita na lifti.

Tuanze na reli, maana bila reli Moshi hii isingekuwapo. Moshi ya kwanza iko juu, Old Moshi, kwa mtawala wa Wachaga wa huko, Mangi Rindi, na baadaye mwanawe Meli, yule aliyenyongwa na Wajerumani Machi 1900. Boma la Wajerumani lilikuwa huko huko juu. Reli nayo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikajikongoja: Korogwe 1902, Mombo 1905, na hatimaye ikafika tambarare chini ya mlima mwaka 1911. Treni haikupandishwa hadi bomani, basi mji ukalazimika kuishukia. Ofisi zikashuka, wafanyabiashara wakashuka, na kule juu pakabaki na jina la Old Moshi hadi leo. Kwa hiyo mji tunaouita wa Wachaga ulizaliwa kama mji wa stesheni, na waliofungua maduka yake mengi ya mwanzo walikuwa Wahindi waliofuata reli kutoka pwani.

Vita vya kwanza vikaongeza jambo ambalo halisemwi sana. Waingereza walipokuja kumpiga Mjerumani walitandika reli kutoka Voi hadi Kahe, na Moshi walikuwa wameichukua kufikia Machi 1916. Vita vilipoisha, mji mdogo kama huu ukajikuta una milango miwili ya bahari, Tanga na Mombasa. Kwa mwenye duka la jumla hiyo ni neema: bandari moja ikizidiwa, mzigo unapitia nyingine. Mwaka 1929 reli ikafika Arusha, lakini wakati huo Moshi ilishapata miaka 18 ya kuwa mwisho wa reli, na mwisho wa reli ndipo maghala hujengwa.

Sasa mpangilio wa mji. Enzi za Mwingereza miji iligawanywa kwa aina ya nyumba iliyoruhusiwa kujengwa kila sehemu. Kwenye karatasi haikuandikwa sana rangi ya mtu, iliandikwa ubora wa jengo, lakini matokeo yalikuwa yale yale: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Moshi, Wazungu walikaa kaskazini palipo na miti na hewa ya mlima, sehemu ambayo kwa kejeli ya historia inaitwa Shanty Town. Waafrika walikuwa Majengo, Njoro na kwingineko. Katikati, kwenye viwanja vyembamba vinavyotazama mtaa, pakawa pa maduka.

Uwembamba wa kiwanja ndio uliozaa umbo la nyumba. Kila mfanyabiashara alitaka uso wa duka kwenye mtaa wenye wateja, hivyo uso ukawa mfupi na kiwanja kikaenda ndani sana. Mbele kibaraza, nyuma yake duka, nyuma ya duka stoo, halafu ua wenye jiko, bomba na kamba za nguo, mwisho choo kinachotazama uchochoro wa nyuma. Vile vichochoro havikuwekwa kwa ajili ya kupitishia mikokoteni ya ndizi kama tunavyoviona leo. Miji ya wakati ule haikuwa na mabomba ya majitaka, na vyoo vya ndoo vilihudumiwa kwa nyuma. Mfanyabiashara akineemeka anapandisha ghorofa moja: familia inahamia juu na roshani yake, duka lote linabaki chini.

Neema ilitoka kwa nani? Kwa kahawa ya mkulima wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga. Wakulima walianza umoja wao wa wapanda kahawa, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika. Pesa ya kahawa ikipatikana, mtu wa Kibosho au Machame anashuka mjini kununua khanga, sukari, jembe, na juu ya yote bati. Kahawa ilishuka mlimani kwa magunia ikapanda tena ikiwa bati la nyumba. Angalia miaka iliyochongwa juu ya yale maduka uoanishe na historia ya zao: hutahitaji mwalimu.

Nitaendelea na KNCU na yule Mjerumani aliyewachorea jengo lao. Kwanza niwasikie.

Mchangiaji (Pasua):

Mkuu, nondo nzito, lakini tuseme ukweli. Majengo yenyewe yamechoka. Rangi imebanduka, dari zimelegea, umeme umefungwafungwa kama utando wa buibui. Anayeyapenda hajawahi kupanga fremu pale masika. Kwa nini yasivunjwe tukajenga ya kisasa?

Mleta uzi:

Kaka, uchakavu siukatai. Ila ujue ulikotoka, maana haukuletwa na umri peke yake.

Aprili 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe halitumii lote, yaani amepangisha hata sehemu, lilichukuliwa. Likiwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, hakuna fidia. Sasa rudi kwenye umbo nililoeleza juu: mwenye nyumba anaishi ghorofani, chini amepangisha fremu moja au mbili. Nyumba ya aina hiyo sheria iliinasa vizuri sana. Majengo yakaenda kwa Msajili wa Majengo, na mwaka 1990 yakahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi za Kihindi zikaondoka, nyingine hadi Uingereza na Kanada.

Kuanzia hapo aliyekaa ndani hakuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakukaa ndani. Mpangaji hapandi juu kuziba bati ambalo si lake. Ndivyo nyumba inavyochoka duniani kote, si Moshi tu.

Lakini kuna upande wa pili ambao nauona wa ajabu kidogo. Hatua hiyo hiyo ndiyo iliyoyahifadhi. Kwa karibu miaka ishirini hakuna mtu binafsi aliyekuwa na sababu ya kuvunja jengo asilolimiliki na kujenga jingine ambalo lingeweza kuchukuliwa pia.  Mitaa yetu ilibaki kwa sababu pesa ilikuwa imesimama. Sisemi kwamba sheria ile ilikuwa nzuri. Nasema isingekuwepo, leo tungekuwa tunajadili picha.

Mchangiaji (Majengo):

Naweka kambi hapa. Mama yangu alikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza, mitaa ya karibu na soko, nimekulia chini ya meza yake. Mleta uzi umetaja nguzo na mwaka wa jengo lakini watu wa kibarazani umewaruka.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mteja anaingia dukani kwa mwenye vitambaa, anachagua kitenge au kitambaa cha sare ya shule. Akitoka mlangoni anakutana na fundi hatua mbili tu, anapimwa pale pale. Mwenye duka anauza zaidi kwa sababu fundi yupo, na fundi anapata kazi kwa sababu duka lipo. Kuna waliolipa kodi ya kibaraza, kuna waliolipa kwa kufagia na kulinda mali mwenye duka akienda kuswali au kula. Mvua ikinyesha kila mtu anakimbilia pale, na anayejikinga mvua lazima atakumbuka suruali isiyo na zipu.

Sasa hivi wale waliohamishiwa kwenye majengo mapya wamepewa vyumba ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Nani anapanda ngazi kwenda kupunguza sketi?

Mleta uzi:

Dada, asante. Hapo umeieleza hoja yangu kuliko nilivyoieleza mimi. Kibaraza kina wenyewe wawili: kiwanja ni cha duka, njia ni ya mpita njia, na katikati yao fundi anapata pa kuweka cherehani. Ukuta wa kioo una mwenyewe mmoja tu.

Nikirudi kwa KNCU. Wakuu, hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Jengo la KNCU, lile la upande wa Mnara wa Saa, lilichorwa na Ernst May. Kama jina ni geni: ni yule Mjerumani aliyesimamia mradi mkubwa wa nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt kati ya 1925 na 1930, maelfu ya nyumba. Akaenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji ya viwanda. Hitler akaingia madarakani, naye hakuweza kurudi kwao. Mwaka 1934 akaja Tanganyika kuwa mkulima, shamba likiwa maeneo ya Arusha. Baadaye akahamia Nairobi akarudia kazi yake, ingawa wakati wa vita Waingereza walimweka kizuizini Afrika Kusini kwa kuwa ni Mjerumani. Alitengeneza mpango wa kupanua Kampala, akachora Oceanic Hotel ya Mombasa, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawachorea wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro makao yao.

Tafakari wakati wenyewe. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda baada ya vita. Mwaka 1952 Thomas Marealle akasimikwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote. Ushirika una pesa benki. Na katikati ya mji ambao kanuni zake zilimtaka Mwafrika aishi pembeni, wakulima wa Kiafrika wanaweka jengo la saruji la ghorofa, lililochorwa na mtu ambaye wasanifu wa Ulaya walimjua kwa jina. Hiyo ilikuwa kauli, wala haikuhitaji hotuba.

Ukipita, usitafute mapambo. May hakuwa mtu wa nakshi. Tazama alivyoshughulika na jua na hewa, kwa sababu Moshi iko chini, mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, na Januari joto lake halina mchezo. Utaona swali lile lile ambalo mwenye duka wa Kihindi alishalijibu kwa fundi wa mtaani bila msanifu: utampaje mtu kivuli bila kumfungia hewa? Mmoja alijibu kwa kibaraza na bati, mwingine kwa zege.

Baadaye ushirika nao ukapata mitikisiko yake, vyama vikavunjwa 1976 na kurejeshwa 1984, lakini huo ni uzi mwingine kabisa na una machungu yake.

Mchangiaji (Arusha):

Mnajisifu sana watu wa Moshi. Sisi Arusha tuna Boma la Mjerumani la tangu 1900 ambalo sasa ni makumbusho, tuna jengo la Azimio Kaloleni, tuna AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa. Maduka ya vibaraza hata huku kati yapo.

Mleta uzi:

Hahaha, jirani karibu. Yapo, nayajua. Tofauti ni hii. Arusha ilikua sana kwa ofisi na wageni: boma, baadaye Azimio la 1967, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza iliyovunjika 1977, kisha AICC ikafunguliwa 1978 wakati jumuiya yenyewe haipo tena, na halafu utalii. Kila wimbi lilikuja na majengo yake makubwa na ardhi ikapanda bei. Moshi haikupata mawimbi hayo, ilibaki na kahawa, reli na mkulima anayeshuka siku ya soko, na ndiyo maana mitaa yake ya maduka imebaki imeungana. Jengo moja la zamani lililobanwa na minara ni kumbukumbu. Nyumba ishirini zilizoshikana, ambapo unaweza kutembea mvua ikinyesha usilowe, huo bado ni mtaa. Mengine ni ushabiki tu, kwenye nyama choma tunawapa nafasi.

Mchangiaji (fundi ujenzi, Rau):

Wakuu nimekarabati machache ya haya majengo, naomba niongeze la kiufundi maana watu wengi hukosea hapa.

Ule ukuta wa mbele unaopanda juu ya paa, wenye ngazingazi na mwaka, kazi yake ni kuficha bati ili duka lionekane la maana. Nyuma yake kuna gata. Majani na vumbi vikijaa humo, maji hayaendi kokote, yanaingia kwenye ukuta. Mpangaji anaona doa darini anasema jengo limeoza. Mara nyingi ni gata tu. Lisafishe kabla ya Machi, kila mwaka, utashangaa.

La pili: kuta nyingi za zamani ni nene, za mawe ya mlimani, zilizojengwa na kupigwa lipu kwa chokaa. Chokaa inapumua. Fundi wa siku hizi anakuja anabandika lipu ya saruji kali na rangi ya mafuta juu yake, unyevu unakosa pa kutokea, mwaka wa pili lipu inavimba na kudondoka vipande. Halafu lawama anapewa marehemu aliyejenga.

La tatu, yale madirisha madogo ya juu, karibu na dari, ambayo watu wanayaziba ili waweke kiyoyozi. Yale ndiyo kiyoyozi chenyewe. Hewa moto hupanda na kutokea pale. Ukiziba, lazima ununue mashine, na bili ya umeme isikushangaze. Jengo la vioo linalotazama magharibi, saa tisa alasiri hukai bila mashine.

Mchangiaji (Shanty Town):

Je, sheria haiyalindi? Nilidhani majengo ya kale yana sheria yake.

Mleta uzi:

Ipo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Tatizo ni mwaka: kinga ya moja kwa moja inahusu majengo ya kabla ya 1863. Mwaka huo hapa Moshi mjini palikuwa pori. Hata stesheni haifikii, achilia mbali duka la miaka ya 1930. Vilivyojengwa baadaye vinahitaji waziri avitangaze kimoja kimoja. Sheria iliandikwa ikiwaza Kilwa na magofu ya pwani, haikuwaza mtaa wa maduka wa bara.

Binafsi sina imani kwamba kutangaza kila duka ndiyo dawa. Ukishafanya jengo kuwa makumbusho, muuza ndoo na fundi cherehani wataondoka, na bila wao sioni unahifadhi nini. Nguvu zaidi ipo kwenye kibali cha ujenzi cha halmashauri. Pale ndipo mtu anaweza kuambiwa: panda ghorofa unazotaka, lakini chini acha kibaraza chenye upana ule ule na kimo cha sakafu kile kile cha jirani, ili njia isikatike.

Mchangiaji (Kiborloni):

Mimi ndiye mnayemsema. Tuna kiwanja cha familia karibu na soko, tunapandisha ghorofa nne. Mchoro umekuja na vioo hadi mstari wa barabara, msanifu anasema kila mita ni fremu, kila fremu ni kodi na kilemba juu. Nimesoma uzi wote. Nikiacha mita mbili na nusu mbele, nani ananilipa?

Mleta uzi:

Swali la haki, mangi. Nikujibu kwa pesa maana ndiyo lugha ya kiwanja.

Mita hizo unazipoteza chini tu. Juu yake ghorofa ya kwanza hadi ya nne zinakuja mbele mpaka mstari wa nguzo, kama kanuni za barabara zinaruhusu, kwa hiyo umepoteza kipande cha mbele cha sakafu moja tu kati ya tano. Chini fremu zako zitakuwa na kivuli: hutaweka mapazia, bidhaa hazipauki dirishani, na mpangaji hafi kwa bili ya kiyoyozi, basi anakaa muda mrefu. Halafu vibaraza vya majirani kulia na kushoto vinamwaga watu kwako. Ukiweka kioo mstarini, mpita njia akifika kwenye ukuta wako anateremka barabarani kukwepa, na akishateremka anavuka upande wa pili. Simama siku moja ya soko saa tano asubuhi mbele ya jengo jipya lolote lililokata kibaraza, uangalie watu wanavuka wapi.

Na muulize msanifu wako habari ya gata.

Mchangiaji (Kiborloni):

Sawa. Nitamwambia achore ya pili yenye nguzo, nilinganishe kodi. Mafundi cherehani nao watalipa kibaraza au ni bure?

Mchangiaji (Majengo):

Watalipa kaka, usijali. Kidogo, lakini kila wiki.